"Mwanaume haombi ruhusa kuongeza mke"

Kauli hiyo utaisikia kijiweni Manzese kahawa ikimiminwa, na wazee wanatikisa kichwa kukubali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haisemi hivyo.

Inagawa ndoa mafungu mawili: ya mke mmoja na ya wake wengi. Ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi. Nyingine, ikiwemo ya kanisani, ya mke mmoja, isipokuwa ithibitishwe vingine. Aliyefunga ya mke mmoja hawezi kuoa tena ndoa hiyo ikiwa hai. Kuibadili kunahitaji tamko la mume na mke, wote kwa hiari, mbele ya hakimu au jaji. Mlifunga kanisani? Maadamu wote bado Wakristo, haibadiliki.

Kinachosahaulika zaidi (na wanaume hawana haraka ya kukitaja) ni kwamba hata kwenye ndoa ya wake wengi, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi. Taarifa ya ndoa hutolewa siku 21 kabla. Akionyesha kuwa kipato cha mume ni kidogo, yeye na watoto watataabika, hoja hiyo sheria inaitambua.