Startapu za likizo ndefu: yanayosemwa vijiweni Mbeya na Iringa, na ukweli wake

Kila Julai inapokaribia, mitihani ikiwa ukingoni pale MUST Iyunga, TEKU, Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU, makundi ya WhatsApp ya wanachuo hujaa matangazo ya feloshipu. Miezi miwili mitatu ya likizo ndefu, posho kidogo, mtu wa kukuelekeza, na mwishoni unasimama mbele za watu kueleza kampuni yako changa. Ni nafasi nzuri, ila imezungukwa na maneno mengi, na baadhi yake yanawagharimu vijana hela na hata mwaka wa masomo.

"Ukichaguliwa, umeshapata ajira"

Posho haijawahi kuwa mshahara. Mtindo huu ulipata jina Marekani mwaka 2005, Y Combinator, kampuni inayowekeza kwenye kampuni changa, ilipokusanya timu nane mjini Cambridge, Massachusetts, wengi wao wanachuo au waliohitimu juzijuzi, kwa kipindi kimoja cha kiangazi. Kila mwanzilishi alipata kama dola 6,000, na kampuni yake changa ikaipa Y Combinator hisa, kwa kawaida karibu asilimia 6. Hela hiyo ilikuwa ya kula na kulipa pango ili mtu asihangaike na kibarua kingine mpaka likizo iishe. Yaani walinunuliwa muda. Ndiyo maana huwa nashangaa kijana anapouliza kwanza wanalipa shilingi ngapi kwa mwezi, kabla hajauliza nani atampeleka kwa wateja.

Na mkataba usomwe. Delta v, programu ya kiangazi ya chuo cha MIT huko huko Marekani, huwapa wanafunzi posho bila kudai hisa hata moja. Nyingine zinadai. Zote kwenye tangazo zinafanana, na tofauti iko ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo.

"Ukilisema wazo, limeibiwa"

Hii ndiyo inayoua timu nyingi kimyakimya. Nimekaa na vijana wanaogoma kueleza wanachofanya hata kwa mtu anayetaka kuwasaidia, eti mpaka "walisajili wazo" BRELA. BRELA haisajili wazo. Inasajili majina ya biashara, kampuni na alama za biashara, na inatoa hataza (patent) kwa uvumbuzi uliokamilika, ulio mpya kweli na unaoweza kutumika viwandani. Programu ya kompyuta inalindwa na sheria ya hakimiliki tangu unapoiandika. Wazo lililo kichwani halina hati popote.

Wala si wazo lililowabeba wale wa 2005. Steve Huffman na Alexis Ohanian walikwenda na mpango wa kuagiza chakula kwa simu, wakakataliwa. Kisha wakaitwa warudi kwa sharti moja, waje na kitu kingine. Hicho kitu kingine ndicho Reddit, mtandao wa majadiliano.

Vijana watatu wa Mbeya ninaowafahamu walitengeneza programu ya bei za viazi mviringo, wakaificha muhula mzima. Siku walipoifikisha Uyole, mama mmoja aliyekuwa anapakia viazi vya Isyonje kwenye Fuso ya Dar aliipokea simu, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti, "Bei kwa kilo." Akawatazama. "Wanangu, kilo ya nini tena? Mimi nanunua gunia."

"Gunia la kilo mia, mama?"

Akacheka, akawaelekeza kwa kidole kwenye lumbesa zilizopangwa kando ya barabara, kila moja na kilemba chake kilichosukwa kwa kamba. Kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini shambani uzito wa gunia ni mapatano ya mnunuzi na mkulima, na mara nyingi mkulima ndiye anayeumia. Halafu mama akawaambia lililokuwa muhimu zaidi: bei ya Uyole anaijua, yeye anataka kujua gunia linauzwaje Dar asubuhi hiyo, kabla gari halijaondoka. Jioni ile vijana waliifumua programu yao karibu yote. Wangeendelea kuificha, wangemaliza likizo nzima wakipaka rangi vitufe vya kitu ambacho hakuna mtu angekibonyeza.

Kwa jambo hilo sisi wa nyanda za juu tuna bahati ya kalenda. Likizo yetu inaangukia mavuno ya mahindi, na Agosti 8 wakulima, mawakala wa pembejeo na watafiti wa TARI Uyole wanakutana viwanja vya John Mwakangale kwa Nanenane. Wateja wako wote wako ndani ya uzio mmoja. Nenda na daftari, si na kipeperushi.

"Lazima uache chuo"

Stori za mabilionea walioacha chuo zimetuharibu. Ipo kweli feloshipu iliyojengwa juu ya kuacha masomo, ile ya mwekezaji wa Marekani Peter Thiel, iliyoanza kuwalipa vijana dola 100,000 mwaka 2011. Lakini feloshipu za likizo zimewekwa kwenye likizo makusudi, ili darasa likifunguliwa urudi.

Kikwazo chetu kiko kwingine, nacho ni field. Mafunzo kwa vitendo yanaangukia miezi hiyo hiyo, yana alama, na mwenye mkopo wa HESLB anaweza kuwa ametengewa fedha kwa ajili yake. Huwezi kuwa karakana Iyunga na wakati huo huo kwenye mafunzo ya wajasiriamali mjini. Muone mratibu wa field wa idara yako mapema, kabla barua za kupangiwa vituo hazijatoka, umuulize kama kituo kinachoendesha feloshipu kinaweza kuhesabika kuwa kituo chako cha field: kuna msimamizi, kuna kitabu cha kumbukumbu, kuna kazi inayoonekana. Akikataa, amekataa, subiri mwaka usio na field. Usitoroke. Na ukiona ni lazima usimame masomo, andika barua ya kuahirisha kwa utaratibu wa chuo. Mtu akipotea bila barua anarudi akiwa hana nafasi, na mkopo wake umevurugika.

"Startapu inaanzia BRELA"

Cheti, muhuri, kadi za biashara, fulana zenye nembo. Mteja hakuna. Ugonjwa huu ni wa Mbeya na Iringa sawasawa.

Jina la biashara linasajiliwa mtandaoni kwa kama shilingi 20,000. Kampuni ni habari nyingine: ada hupanda kulingana na mtaji wa hisa unaoutangaza, inahitaji katiba yake, na kwa kawaida wakurugenzi wasiopungua wawili. Faida yake ni ya kweli, kwa kuwa deni la kampuni ni la kampuni, wakati deni la jina la biashara linakufuata wewe mwenyewe hadi kwa wazazi wako Mafinga. Lakini ukishakuwa na kampuni, TRA inataka ritani ya kodi hata kama hujauza kitu, na BRELA inataka taarifa ya kila mwaka. Kampuni iliyolala inakusanya faini ikiwa usingizini. Kwa maoni yangu, kabla ya kupata mnunuzi, mkataba au mwekezaji anayekudai kampuni, jina la biashara linatosha.

Wanaotengeneza chakula, iwe mafuta ya parachichi, mtindi au unga wa lishe, wao karatasi inawahusu mapema zaidi. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, kwa hiyo anayekutuma TFDA amepitwa na wakati. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa, wamezoea kuwashika mkono wadogo.

Karatasi ambayo wengi hawaiandiki ndiyo ya bure: nani anamiliki nini. Marafiki wanne wanagawana robo robo mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na moja mmoja kapata kazi Dar na hapokei simu, robo yake iko palepale. Wenzetu huandikiana kwamba hisa zinaiva taratibu, mara nyingi kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha anaondoka mikono mitupu. Andikeni hivyo mkiwa bado mnacheka pamoja.

"Ni ya watu wa kompyuta"

Hapana. Wa kilimo, wa uhasibu na wa ualimu pale Mkwawa wana matatizo mazuri zaidi ya kutatua.

"Ujana ndio mtaji"

Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Pierre Azoulay walichunguza kampuni changa zilizokua kwa kasi kuliko zote nchini kwao, wakakuta wastani wa umri wa waanzilishi ni miaka 45. Usijione umechelewa ukiwa mwaka wa tatu. Tafuta mtu mzima anayeijua biashara hiyo akae upande wako.

"Ikifa, likizo imepotea"

Justin Kan na Emmett Shear walitoka kwenye kundi lile la 2005 na kalenda ya mtandaoni iitwayo Kiko. Ilishindwa, wakaiuza kwa mnada eBay mwaka 2006 kwa dola 258,100. Watu hao hao ndio waliokuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni iliyozaa Twitch, jukwaa la kurusha video mubashara, ambalo Amazon ililinunua mwaka 2014 kwa karibu dola milioni 970.

"Feloshipu ikiisha, halmashauri itatupa hela"

Haitawapa, itawakopesha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanakopa kama kikundi, wakianzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na rejesho linadaiwa kweli. Timu ya chuo yenye mtu wa Mwanza, wa Tanga na wa Songea, wote wakitarajia kuhitimu mwakani, iamue kabla ya kujaza fomu ni nani atakayebaki Ipogolo kulipa.