Mistari ndani ya shafti: nyundo haina kosa

Chukua kipande cha shafti ya mashine ya kusaga mahindi, ukikate kufuata urefu wake, ukisugue kwa msasa hadi ule laini kabisa, kisha ukipake feriki kloraidi ya mafundi redio. Angalia kwa lenzi: mstari mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, yote imelala upande mmoja. Ukikikata kukingama huioni hivyo. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, nasikia kila mara kwamba hiyo ni kaboni iliyorundikana kwa kufuliwa vibaya. Sikubaliani. Mwenye mistari ni manganisi, metali inayochanganywa ndani ya chuma.

Chuma kilichoyeyuka hakigandi chote kwa mpigo. Huanza kwa kuotesha matawi ya chuma safi zaidi, na manganisi, kromiamu na fosforasi husukumwa kwenye majimaji yanayobaki katikati ya matawi hayo. Barafu ya ukwaju hufanya vivyo hivyo ikiganda taratibu: pembeni maji matupu, utamu wote katikati. Kiwandani rola hunyoosha sehemu hizo, zikawa tabaka nyembamba.

Kaboni huja baadaye. Ni chembe ndogo, kwenye moto hutembea upesi na kujisambaza. Lakini chuma kikipoa polepole, sehemu zenye manganisi kidogo hutangulia kugeuka feriti, yaani chuma laini kinachoonekana cheupe, na feriti karibu haina nafasi ya kaboni. Basi kaboni hufukuzwa hadi kwa jirani mwenye manganisi nyingi, na huko ndiko inakozaliwa peliti, mchanganyiko wa feriti na kabaidi (chuma kilichoungana na kaboni) unaoonekana mweusi. Ukipoza haraka, kaboni hukosa muda wa kuhama, mistari ikafifia. Manganisi iko palepale. Pasha tena, poza taratibu, uone. Aliyezamisha chuma kwenye oili ameificha tu. Kuiondoa kunataka nyuzi 1200 hivi kwa saa nyingi, na kwa mkaa wa nani?

Chuma cha D2, cha kutengenezea visu na zana, chenye kaboni kama asilimia 1.5 na kromiamu 12, ni kesi nyingine. Kabaidi zake kubwa hutoka moja kwa moja kwenye majimaji ya mwisho, wala moto wa kukomazia hauziyeyushi. Zikijipanga, makali humeguka hapo. Viwanda vingine hupuliza chuma kikiwa majimaji kiwe vumbi, kila tone ligande kabla kabaidi hazijakua.

Wewe unayechonga shafti, angalia upande. Mzigo ukivuta kukingama mistari, ufa hupata njia rahisi, hasa salfaidi ya manganisi, yaani takataka ya manganisi na salfa, ikiwa imenyooshwa humo humo. Chonga mzigo uende sambamba nayo.