Paka wanaolia usiku kama watoto wachanga

Katika mitaa mingi ya Pwani, kilio cha paka usiku wa manane huhesabiwa kuwa ni uchawi: paka huyo ama ni jini, ama katumwa na mtu. Mbwa akibwekea kichochoro kitupu, husemwa kamwona asiyeonekana. Imani hii ni ya siku nyingi, na sauti yenyewe kweli inatisha.

Kwa kawaida kilio hicho kirefu ni cha paka jike anayetaka dume. Madume nao hukoromeana na kupigana wakimgombea. Mimba ya paka huchukua siku 63 hivi, kwa hiyo andika tarehe ya makelele, na miezi miwili baadaye chungulia darini au nyuma ya banda kama kuna watoto. Jike akitolewa kizazi na daktari wa mifugo, vilio hivyo kwa kawaida hukoma. Hilo ni bora mno kuliko kumpiga mawe, jambo linalowapata hasa paka weusi, nami huniuma.

Na mbwa? Kwa sauti nyembamba, sikio la binadamu huishia takriban hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mbwa hupita 40,000. Husikia panya ukutani wewe hujasikia kitu.

Macho ya paka na mbwa kung'aa gizani nako si uchawi: ni utando ulio ndani ya jicho unaorudisha mwanga. Mmulike mbuzi kwa tochi, utayaona yaleyale.

Hata mbwa na paka kulala pamoja si ndumba. Mtoto wa paka akizoeshwa mbwa mpole kati ya wiki ya 2 na ya 7, mara nyingi hukua akimwona mwenzake.