Kuudhi mtu siyo kumdhuru: mpaka wa uhuru wa kusema

Kampeni zikikaribia tu, kwenye vikao vyetu vya elimu ya katiba maswali ni yale yale, fulani amepost vile mbona hajakamatwa, na yule mwingine mbona kakamatwa na hajatukana mtu. Watu wanataka jibu la haraka, uhuru upo ama haupo. Upo, Kifungu cha 33 cha katiba yetu ya Kenya ya 2010 kinasema wazi, lakini ukitaka kuelewa mpaka wake uko wapi na kwa nini uko hapo, hebu turudi Uingereza mwaka 1859, kwenye kitabu cha mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kinachoitwa On Liberty.

Mill anasema hivi, serikali au jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima isipokuwa kuzuia asidhuru wengine. Kwamba amekukera, kwamba maneno yake ni ya aibu, kwamba unamzuia kwa faida yake mwenyewe, hizo zote hazitoshi.

Na anatoa mfano ambao mimi huutumia kila mara. Mtu anaandika gazetini kwamba wafanyabiashara wa nafaka ndio wanaowaua maskini kwa njaa. Mill anasema mwacheni. Sasa mtu huyo huyo aende na maneno hayo hayo mbele ya umati uliojaa hasira, umekusanyika nje ya nyumba ya huyo mfanyabiashara, hapo anaweza kuadhibiwa. Sentensi haijabadilika hata herufi moja! Sisi tumezoea kupima maneno kwa ukali wake, hili tusi, hili siyo tusi, wakati cha kuuliza ni yamesemwa wapi, mbele ya nani, na yanamsogeza mtu karibu kiasi gani na kushika panga. Wakenya hatuhitaji kufundishwa hilo na mzungu wa karne ya 19, zaidi ya watu 1,100 walikufa baada ya uchaguzi wa 2007, na ndiyo maana Kifungu cha 33 chenyewe kinaacha nje propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki.

Lakini mtu akiwa amekosea kabisa, kwa nini tusimnyamazishe tu? Mill anajibu hivi. Kwanza, huenda yeye ndiye yuko sahihi na sisi ndio tumepotea. Pili, mara nyingi kila upande una kipande chake cha ukweli. Tatu, na hii ndiyo naiona nzito kuliko zote, hata kama sisi ndio tuko sahihi, ukweli usiopingwa na mtu unabaki kukaririwa tu, watu wanausema bila kujua unasimama juu ya nini, akija mjanja mmoja na swali gumu wote kimya. Kwa hiyo ukimfunga mtu mdomo umemwibia pia yule aliyekuwa amsikilize. Na Mill hakuwa anaogopa serikali peke yake, aliogopa sana wengi wakiungana kumbana mmoja, kitu ambacho leo unakiona kwenye grupu lolote la WhatsApp mtu akitofautiana na wenzake kuhusu mgombea.

Kuna jambo lazima nilitaje maana ni letu. Mill alifanya kazi East India Company, kampuni ya Waingereza iliyotawala India, kutoka 1823 hadi 1858, na kwenye kitabu hicho hicho anaandika kwamba kanuni yake haiwahusu watu aliowaita washenzi, hao watawaliwe kwa mabavu mradi lengo ni kuwaendeleza. Yaani sisi tulikuwa nje. Hilo ni kosa kubwa na hoja zake mwenyewe zinalipinga, manake kama mtawala naye anaweza kukosea, aliye chini yake ndiye wa kwanza kustahili kusikilizwa. Hiyo fikra iliendesha ukoloni, na kosa la uchochezi dhidi ya serikali lililoachwa na mkoloni tulikaa nalo kwenye sheria za Kenya hadi 1997.

Sasa njoo 2016. Sheria ya mawasiliano ya Kenya, kifungu cha 29, ilikuwa inakufunga hadi miezi mitatu ama faini ya shilingi 50,000 kwa ujumbe unaoudhi sana au wa uongo uliotumwa kusumbua mtu. Mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa post ya Facebook akaenda Mahakama Kuu, na Jaji Mumbi Ngugi akakifuta kifungu hicho kwa sababu kiliandikwa kwa maneno mapana mno, raia hawezi kujua kabla hajabonyeza kutuma kama ni kosa ama la. Nani anaamua umeudhika kiasi gani, polisi?

Na aliyechafuliwa jina hajaachwa hivi hivi. Februari 2017 mahakama hiyo hiyo iliondoa kosa la jinai la kashfa, ikaona jela ni adhabu iliyopitiliza wakati njia ya kesi ya madai ipo. Kwa hiyo mtu akikusingizia, tafuta wakili, dai akanushe na aombe radhi, dai fidia, hiyo njia iko wazi kwako na kwa waziri pia.