Kabla ya bei, uliza mzigo ulilala wapi

Msimu wa mavuno ukifika, mahindi mengi hubadili mikono bila kugusa ghala lolote. Mwenye gunia nne za ziada humuuzia mama lishe wa mtaa wa pili. Mwenye mashine ya kusaga huuza pumba kwa wafugaji wa kuku, wakamuaji wa alizeti wa Singida na Dodoma huuza mashudu yanayobaki baada ya mafuta kukamuliwa, na hoteli huwaachia wafuga nguruwe makombo. Ni biashara nzuri. Nauli ni ndogo, dalali hana pa kujipenyeza, na kitu ambacho kingeozea stoo kinageuka ada ya shule.

Udhaifu wake ni kwamba mzigo wa ziada hauna karatasi. Bidhaa ya dukani ina lebo, tarehe na jina la mtengenezaji. Gunia la jirani lina maneno ya jirani tu. Kwa hiyo maneno hayo yatake yote, tena kabla hamjaanza kupatana bei: mahindi yalivunwa lini, yalianikwa juu ya nini, na yamelala wapi tangu siku hiyo. Muuzaji anayejua mzigo wake atakujibu papo hapo. Anayezunguka mbuyu ameshakujibu pia.

Swali la kuanikia lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kuvu wanaotengeneza sumukuvu (aflatoksini) wanaishi kwenye udongo, na mahindi yaliyotandazwa chini bila turubai huwazoa pamoja na vumbi. Yakilala baadaye juu ya sakafu bila chaga, yanavuta unyevu kutoka chini, na kuvu hao wanapata wanachokihitaji. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 na sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni.

Unyevu unaweza kuupima kwa makadirio bila mashine. Chukua chupa kavu ya kioo na chumvi iliyokaushwa vizuri juani au kwenye sufuria. Jaza mahindi theluthi ya chupa, weka vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Usiyanunue kwa ajili ya kuweka. Isipoganda, yako chini ya hapo, ingawa bado yanaweza kuhitaji jua la siku moja au mbili kabla ya kuhifadhiwa. Wengine hung'ata punje na kusikiliza mlio. Sina ugomvi na meno ya wazoefu, lakini chupa haizeeki.

Anayenunua mahindi ambayo hayajakauka ananunua maji pia. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, ukilikausha hadi 13.5, linabaki na kilo 95 hivi. Kilo 5 zilizopotea umeshazilipia. Na usidhani mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa itakuokoa: kazi yake ni kuua wadudu kwa kuwanyima hewa, si kukausha. Ukifungia humo mahindi yenye unyevu, utafungua uvundo.

Sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho wala haimalizwi kwa kupika ugali. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wachunguzi walipopima mahindi ya masokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilivuka kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Yalikuwa mahindi ya wakulima wa huko huko, yaliyohifadhiwa na unyevu kisha yakaingia sokoni. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara, na watu 20 walipoteza maisha. Kupembua na kuondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi hupunguza hatari, lakini hakuondoi shaka. Kwa mzigo mkubwa, peleka sampuli maabara. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, litakuelekeza.

Hapa ndipo ninaposikia kauli inayonikera kuliko zote: "Haya yameharibika, tutauza ya kuku." Kuku anaathirika, tena haraka, na bata zaidi. Ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hutokea kwenye maziwa, na maziwa yanarudi mezani kwa mtoto. Mahindi yenye ukungu hayana soko la pili.

Yako pia mahindi yenye rangi: ya waridi, kijani au buluu. Hiyo ni mbegu iliyopakwa dawa, mabaki ya duka la pembejeo au ya mkulima aliyenunua nyingi mno. Hata ukiiosha mpaka rangi itoke, haifai kuliwa na mtu wala mfugo. Kama mahindi ya chakula yamewekwa kiuatilifu cha unga, muuzaji akutajie dawa gani na lini, ili ujue kama muda wa kusubiri uliopo kwenye maelezo ya dawa umeisha.

Sasa vipimo. Debe ni chombo cha ujazo, halipimi uzito: debe la mahindi na debe la alizeti haviko karibu kabisa kwenye mizani. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, nayo inaendelea kuvaa kofia yake barabarani ingawa sheria hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Kubalianeni bei kwa kilo na pimeni kwenye mizani yenye stika ya mwaka huu ya Wakala wa Vipimo. Ikiwa hakuna mizani kijijini, mashine ya kusaga huenda inayo.

Kwenye pumba, udanganyifu wa kawaida ni mchanga. Tupia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri: mchanga utazama chini. Mashudu yanuse. Yakiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha au yakiwa na joto katikati ya gunia, yaache.

Makombo ya hoteli yachemshwe dakika 30 huku yakikorogwa kabla ya kumpa nguruwe, kwa sababu vipande vya nyama ya nguruwe ndani yake vinaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba na humaliza banda zima.

Madumu matupu yasiuzwe kienyeji kama yalikuwa na dawa za shamba, hata kama muuzaji ameyaosha kwa sabuni na kuyaanika. Plastiki hufyonza dawa. Dumu la aina hiyo husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudishwa kwenye bomba la kupulizia, kisha hutobolewa. Wa maziwa na pombe ya kienyeji anunue madumu kwa muuza mafuta ya kula anayemfahamu.