Je, jimbo likidai kujitenga, mikataba hufa?

Miongoni mwa wauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wapo wanaoamini kwamba jimbo likidai kujitenga, mikataba ya serikali hufa papo hapo na wawekezaji hufungasha virago. Hofu hiyo ina msingi, ila mambo hayaendi hivyo. Katalonia, jimbo la Hispania lililodai kujitenga mwaka 2017, maelfu ya kampuni zilihamisha anwani za usajili, lakini viwanda vingi vilibaki palepale. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011, mikataba ya mafuta ilijadiliwa upya. Hata uzalishaji uliposimama mwaka 2012, chanzo kilikuwa mzozo na Sudan kuhusu ada za kupitisha mafuta kwenye bomba lake. Mwenye shaka asome kwenye mkataba kifungu cha usuluhishi wa migogoro, kisha atazame aliyetia saini: serikali kuu, au mamlaka ya jimbo.