Je, wajua kwanini mhusika anayegombana na jamii unamwona ni wewe kabisa?

Mwaka jana nilitolewa kwenye grupu la kamati ya harusi ya binamu yangu, kosa langu niliandika mule kwamba milioni 18 ni nyingi mno wakati maharusi wenyewe bado wanahangaika kutafuta chumba Tabata. Ikawa kesi, mjuaji huyu, anajitenga na ndugu. Wiki ileile nikanunua Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi, pale Posta kwa wale wanaotandika vitabu chini, buku tatu tu, nikawa naisoma kwenye daladala ya Mbagala, hata sijafika mbali nikasema aisee huyu Kazimoto, mhusika mkuu, ni mimi.

Afu nikajiuliza, kivipi? Kitabu cha 1974, jamaa ni msomi wa chuo kikuu anarudi kijijini kwao haelewani na mtu, na mwisho wake mbaya kweli, sitaki hata kuugusa. Mi mtoto wa Temeke, chuo kikuu nakiona nikipita Ubungo.

Kuna jibu la wataalamu. Kazimoto anasimulia mwenyewe, "mimi" mwanzo mwisho. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Geoff Kaufman na Lisa Libby, walichapisha majaribio yao, wakaona hadithi ya "mimi", hasa msimulizi akiwa mtu wa kundi lako, inamfanya msomaji ajisahau akabeba mawazo na hisia za mhusika kama zake. Kilichonichekesha, waliosomea mbele ya kioo hawakuzama sana kama wenzao, mana kioo kinakukumbusha wewe ni nani. Sasa daladala saa kumi na mbili jioni, umebanwa, hakuna anayekujua, konda anakuita "we wa dirishani", pale kioo utakitoa wapi?

Lakini mi naona haitoshi, kuna wahusika kibao wanasema "mimi" na hatuna habari nao. Shida ni kwamba mtu unajijua kwa ndani, wenzako unawajua kwa nje. Ule ujumbe wangu niliufuta mara tatu, vidole vinatetemeka, nawaza mama atasemaje, wao wakaona maneno tu. Na mi nikawaona "kamati", kitu kimoja kikubwa chenye mdomo mmoja. Riwaya za namna hii zimechongwa hivyohivyo, mmoja tunaingizwa kichwani mwake, waliobaki wote tunawasikia wakinung'unika kwa nje. Ndo anavyoishi kila mtu.

Na nikisema kila mtu simaanishi sisi wabishi tu. Aliyenitoa grupu ni mama mkubwa, mweka hazina. Idi tulikuwa kwake Buguruni tunakula, nikamgusia habari ya vitabu, akadakia kwamba wao shuleni walisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, yule Karama aliyeshtakiwa mbele ya mfalme kisa anataka watu wafundishwe uanasheria, akajitetea siku sita. Tonge limebaki hewani, akasema, "Mwanangu, Karama ndo mimi. Kwenye ukoo huu kila nikisema watu watoe hela kwa wakati naonekana mbaya, niko peke yangu."

Afu akanikumbusha kwamba elfu 50 yangu ya mchango bado haijaonekana.